Ubavuni mwa Mashine

Maiti ilikuwa imeketi. Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipoinama kuupita mlango wa lile kaburi la kale. Katika kazi yake alikuwa ameshakuta maiti zimelala chali, zimelala kifudifudi, zimekunjwa chini ya vitanda. Huyu aliegemea ukuta uliochongwa, miguu ameinyoosha, viganja juu ya mapaja, kama mgeni anayesubiri chai. Ni kisogo tu kilichosema kweli. Kilikuwa kimepasuka, na damu imeganda hadi kwenye ukosi wa shati.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Mkuu wa timu ya kupiga picha, afande," alijibu Sajini, akiwa bado mlangoni. "Wenzake wanamwita Milimita. Eti hakuwa na kipimo kingine."

"Ingia basi tuongee."

"Nasikia vizuri tu nikiwa hapa hapa, afande."

Inspekta hakumlaumu. Chumba kilikuwa kimechimbwa ndani ya mwamba, na kuta zake zilijaa watu wa kuchongwa, wake kwa waume, wote wakitazama katikati. Na hapo katikati ilisimama mashine ya miguu mitatu, yenye kichwa kidogo na kioo kimoja. Skana ya leza. Ilikuwa imemaliza kazi yake na kujizima yenyewe. Hata hivyo, kila Inspekta alipoipa mgongo, shingo ilimsisimka. Pembeni ilipangwa mipira myeupe ya kuongozea vipimo vyake, juu ya vyuma vizito, kila chuma ndani ya duara lake la chaki.

Habari za mahali pale zilijulikana na kila mtu. Bonde lilikuwa lizamishwe. Bwawa lilishajengwa, na wakubwa walikuwa wakisubiri kitu kimoja tu: makaburi yote yapigwe picha za leza, kila mchongo na kila ufa, ili vizazi vijavyo viyaone kwenye kompyuta. Hili lilikuwa kaburi la mwisho. Picha yake ikikamilika, milango ya bwawa inafungwa na maji yanapanda. Isipokamilika, maji yanasubiri.

Nje, vibarua walikuwa wameshafungasha majembe yao. Walikuwa na maelezo yao wenyewe, nayo yalikuwa mafupi: mwenye kaburi amekataa.

Msimamizi wa eneo alikuwa amekaa juu ya jiwe, funguo zikining'inia kiunoni. Mtu mzima, mrefu, mwenye mvi chache. Alikuwa ameyalinda makaburi yale kwa muda mrefu hata watu wakambatiza jina la Mwenye Nyumba. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulikuwa wapi?"

"Ofisini kwangu, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Nani mwingine atakaa na mimi na vigae vya vyungu vya kale?"

"Humo ndani huwa unaingia?"

"Naingia kufagia. Lakini hilo dude likiwa linazunguka, hata siku moja! Mimi nina presha, mionzi yao siitaki." Alijifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa ananiita kaka, yule. Mdogo wangu kabisa."

Inspekta alimwamini alivyolia. Kwa mengine, aliweka akiba.

Mke wa marehemu walimkuta ndani ya hema, mbele ya kompyuta. Yeye ndiye aliyekuwa akizipokea picha zikija hewani kutoka kaburini na kuziunganisha. Dereva wa timu alisimama nyuma yake, kofia mkononi. Mjane hakuwa akilia. Alikuwa amekodolea macho kioo kama mtu anayesubiri kimjibu.

"Pole sana, mdogo wangu," alisema Inspekta. "Nani alimwona wa kwanza?"

"Mimi. Nilimwona hapa, kwenye kioo."

Alibonyeza. Kioo kikawa cheusi, kisha nukta za kijivu zikaanza kujaa, maelfu kwa maelfu, mpaka kaburi likajijenga lenyewe gizani: dari, kuta, watu wa kuchongwa. Akaligeuza taratibu. Ukutani, miongoni mwa wale wa mawe, alikuwepo mmoja aliyeketi.

Sajini alivuta pumzi kwa sauti.

"Sikumjua," alisema mjane. "Humu hakuna rangi, sura haionekani vizuri. Nikadhani ni kibarua anafanya utani. Nikashika redio nikasema, 'Baba watoto, kuna mtu kwenye picha, mtoe!' Kimya. Nikakuza. Nikaona vile viatu. Nikasema tena, 'Kumbe ni wewe! Hebu toka bwana, unaiharibu.' Kimya. Nikamkasirikia, mama. Nilimkasirikia."

Inspekta alimwekea mkono begani na kusubiri.

"Wengine waliowahi kuingia kwenye picha huonekanaje?"

"Kama moshi. Mashine inazunguka polepole. Ukitembea, unatoka kama mvuke. Hata ukikaa ukatulia, unapumua, basi kifuani unakuwa na ukungu kidogo."

Inspekta alisogea kwenye kioo. Kifua cha yule mtu kilikuwa safi kama ukuta.

"Huyu hana ukungu," alisema.

"Hana." Hapo ndipo mjane alipojifunika uso.

Walipompa maji, aliendelea mwenyewe bila kuulizwa. "Nimemtafuta aliyemuua. Nimegeuza hii picha kila upande. Hayumo. Hakuna hata moshi wake."

"Labda aliingia kabla mashine haijaanza."

"Mume wangu ndiye aliyeiwasha. Aliniambia kwenye redio, 'Inazunguka.' Kwa hiyo aliuawa ikiwa inazunguka."

"Sasa mtu anaua ndani ya chumba kile, mashine inatazama, na hayumo?" alisema Sajini. "Afande, mimi nawaunga mkono vibarua."

"Ipo njia," alisema mjane. "Mashine inaona mbele na nyuma kwa mkupuo mmoja, lakini ubavuni haioni. Ukibaki ndani, unasimama ubavuni mwake na kutembea nayo, hatua ndogo ndogo, kadiri inavyogeuka. Mume wangu alikuwa akitembea hivyo bila hata kufikiri. Lakini ni kazi kujifunza. Asiyezoea, lazima ajikwae mbele ya kioo cha mashine."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Na mimi nilikuwa hapa, na dereva."

"Kweli tupu, mama," alisema dereva. "Tulikuwa tunabishana habari ya mafuta ya gari. Alikuwa ananishinda."

Ripoti zilikuja kesho yake. Daktari wa uchunguzi wa maiti aliandika: pigo moja kwa kitu kizito chenye ukingo wa duara, kifo cha papo hapo. Maabara ikakuta chembe za damu chini ya chuma cha mpira mmoja mweupe. Kilikuwa kimefutwa vizuri, kisha kikarudishwa katikati kabisa ya duara lake la chaki.

Sajini alikuna kichwa. "Jambazi gani huyu anayepanga vyombo baada ya kuua?"

"Si jambazi. Ni mtu aliyefundishwa kwamba mle kaburini kitu hakisogezwi." Inspekta alikunja karatasi. "Kikulacho ki nguoni mwako, Sajini. Twende."

Alimwomba mjane kitu kimoja. Mjane alisita, kisha akaitikia kwa kichwa.

Mwenye Nyumba alikuja alipoitwa. Inspekta alimkuta mlangoni mwa kaburi, akampisha atangulie.

"Nisaidie mzee. Hii michongo siielewi, na ripoti yangu inataka maelezo. Hawa ni akina nani?"

Uso wa mzee ulibadilika kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu zake. Akaanza. Huyu mwenye mkuki alikuwa mwindaji, tazama mbwa wake. Hawa wawili wamegombana, ndiyo maana wamepeana visogo. Aliongea kwa mikono, kwa sauti ya chini, akimtaja mmoja baada ya mwingine kana kwamba wanasikia.

Katikati ya chumba, mashine ilitoa mlio mwembamba. Kichwa chake kikaanza kugeuka.

Hema lilikuwa mbali, na mjane aliyeiwasha alikuwa huko. Inspekta alijua, maana yeye ndiye aliyepanga. Alibaki alipo, akaacha ile miale isiyoonekana impitie.

"Na huyu mwenye ngoma?"

"Huyo alikuwa kiziwi," alisema mzee. "Mtazame sikio lake, halikuchongwa." Akapiga hatua ndogo upande. "Baba yangu ndiye aliyenionyesha." Hatua nyingine. "Wataalamu wote wamepita hapa, hakuna aliyeliona hilo sikio." Hatua.

Macho yake yalikuwa ukutani. Miguu yake ilikuwa ikifanya kazi nyingine. Ilimzungusha taratibu kuizunguka mashine, kisigino baada ya kidole, bila kukwama, bila kuharakisha. Vile vyuma vya mipira alivipita bila kuvitazama, na hakugusa hata kimoja. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayetembea usingizini.

Mlio ukakatika. Mashine ikasimama. Mzee alikuwa upande wa pili wa chumba.

"Mzee."

"Naam."

"Uliniambia likizunguka huingii."

"Siingii, mama. Presha yangu..."

"Basi nani alikufundisha kutembea?"

Mwenye Nyumba alitazama pale alipokuwa amesimama mwanzo. Kisha akaitazama miguu yake, kwa muda mrefu, kama miguu ya mtu mwingine. Akaketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Yeye," alisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Mkewe hakujua. Alisema, 'Kaka, hawa ni watu wako, njoo uone wanavyoingia kwenye picha.' Miezi yote hiyo tulikuwa tunatembea pamoja, yeye mbele, mimi nyuma."

"Na siku ile?"

"Nilimwomba asiimalize. Basi tu, asiimalize! Nikamwambia, mdogo wangu, ukimaliza hii wanazamisha. Picha yako ndiyo ruhusa yao. Akasema, 'Kaka, nisipomaliza watachoka kusubiri, watazamisha hivyo hivyo, na hakutabaki hata picha.' Hakunijibu vibaya. Hajawahi kunijibu vibaya. Halafu akaanza kunibembeleza. Akasema picha ni bora kuliko kitu chenyewe, maana haichakai. Akacheka kidogo. Alikuwa amenipa kisogo, tunatembea. Nikaokota chuma."

"Halafu?"

"Nilimdaka asianguke. Nikamkalisha. Chuma nikakifuta, nikakirudisha. Nikaendelea kutembea mpaka ilipokwisha."

Sajini, ambaye safari hii alikuwa ameingia ndani, alishindwa kujizuia. "Lakini mzee, si ungeisukuma tu mashine? Ungesimama tu mbele yake, picha ingeharibika na mtu angekuwa hai!"

Mwenye Nyumba alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Niiharibu? Ilikuwa inatoka vizuri."

Inspekta alitoa pingu mwenyewe.

Siku chache baadaye alimtembelea mahabusu, na hakuwa na sababu ya kikazi. Mzee alikuwa amekonda. Hakuuliza habari ya kesi wala ya wakili.

"Mama, ile picha ya siku ile. Ilikamilika?"

Inspekta angeweza kudanganya. Aliona hana haki hiyo.

"Ilikamilika. Wameipokea. Hata sisi tumetia sahihi kwamba kaburi lenyewe hatulihitaji tena, picha inatosha kuwa kielelezo. Milango imefungwa jana. Maji yameshaingia."

Mzee alifumba macho. "Wamo wote?"

"Wamo. Isipokuwa pale ulipomkalisha. Aliuziba ukuta. Mahakama ina nakala ambayo yeye yumo, lakini ile ya kuwekwa kumbukumbu mkewe ilimbidi amwondoe. Ndiyo kazi yake, kuwaondoa watu. Alikataa siku mbili, kisha akamfuta, nukta moja moja. Nyuma yake hakuna kitu, maana ile ya kukutegea wewe ilizunguka bila kurekodi, na wakubwa hawakuruhusu kurudia. Limebaki tundu jeusi lenye umbo la mtu aliyeketi."

Mikono ya mzee iliinuka, ikapima hewani, kutoka sakafu hadi bega la mtu. Ikasimama.

"Pale pana mtoto," alisema polepole. "Mdogo hivi. Ameshika kidole cha mama yake. Bonde zima hakuna mwingine."

"Mimi sikumwona."

"Hukumwona, alikuwa nyuma ya mdogo wangu." Machozi yakaanza kumshuka bila sauti. "Nilimkalisha hapo, mama, kwa sababu ndipo palipokuwa pazuri."