Hariri Iliyolala Upande

"Kitambaa kimechanika."

"Wapi?"

"Pindoni. Una dakika arobaini."

Simu ikakatika. Nguchiro aliigeuza Land Cruiser katikati ya barabara. Dereva wa lori akampigia honi na tusi juu yake. Hakujali.

Kwa lugha ya Idara ya ujasusi, kitambaa kuchanika ni siri kuvuja. Pindoni ni Chumba cha Hariri, ghorofa ya tatu ya jumba la mikutano, ambamo wajumbe wa nchi mbili walikuwa wakiutafuta mwisho wa vita vya mpakani. Lililosemwa mle asubuhi, jioni lilishawafikia wauza silaha wa ng'ambo. Watu wale, amani ikija, wanalala njaa.

Simu tena. Mkuu wake.

"Saa nane kamili wajumbe wanaingia. Usipopata kitu, tunamkamata fundi aliyevisha kuta."

"Kwa ushahidi gani?"

"Ni yeye aliyeshika kila inchi ya chumba kile."

Nguchiro alikanyaga mafuta. Fundi mwenyewe alikuwa mama yake mzazi.

"Mkuu, unajua ni nani yule."

"Najua. Ndiyo maana nimekutuma wewe. Mwingine angeshamvika pingu."

Saa saba na dakika ishirini na tano alikuwa ghorofa ya tatu. Mama yake alikaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini, askari kulia, askari kushoto, mfuko wake wa kazi miguuni. Mgongo umenyooka, mdomo ameubana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Hawa wamenichukua mkasi wangu."

Mlangoni alisimama mtu mrefu, suti imepigwa pasi mpaka inaning'inia kwa heshima. Huyo ndiye Mkaguzi, msimamizi wa usalama wa jumba lote.

"Nimepitisha mashine mara tatu," alisema. "Mle ndani hakuna kinasa sauti hata kimoja. Huyu mama anatoa siri kwa mdomo wake."

"Anaingia na mimi."

"Mtuhumiwa?"

"Fundi."

Waliingia, mama na mfuko wake wa kazi, Mkaguzi nyuma yao. Ndani mapazia yalikuwa yamefungwa, taa zote zinawaka. Kuta zilivishwa vipande kumi na viwili vya hariri ya Thailand, miraba kamili isiyo na maua, kila kimoja kimevutwa juu ya fremu na sponji nyuma yake. Hariri ya kufumwa kwa mkono, yenye vile vinundu vidogo kwenye uzi. Mama ndiye aliyeing'ang'ania. Alisema kuta tupu zinarudisha sauti, na wajumbe wakisikia mwangwi wao watadhani wanafokeana.

Nguchiro alitoa kalamu yake ya Parker. Haikuwa kalamu. Aliipitisha chini ya meza, kwenye taa, kwenye fremu za milango.

Kimya.

Akapindua viti. Akafungua soketi. Saa saba na nusu ikapita, jasho likamtiririka shingoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi ya kazi aliogopa. Risasi alishazizoea. Lakini kumwona mama yake akishushwa ngazi na pingu mikononi? Hilo hakuna chuo kilichomfundisha.

"Umemaliza kuharibu viti?" mama aliuliza. Alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma. "Fungua mapazia."

"Marufuku," Mkaguzi alidakia. "Tangu mkutano uanze hayajafunguliwa. Amri yangu."

"Sasa hariri mliitakia nini? Hii inataka jua. Mmekuwa mkimpigia mbuzi gitaa."

Nguchiro alishika kamba, akavuta.

Jua likaingia ubavuni mwa chumba. Kuta zikabadilika, nyekundu ikapanda, dhahabu ikacheza ndani yake. Vipande kumi na kimoja viliwaka.

Cha saba kilibaki na rangi ya kutu.

"Nani kagusa kazi yangu?" mama alisema polepole.

"Mama, sema haraka."

"Nyuzi za kusimama ni nyekundu, za kulala ni za dhahabu. Ukikilaza kipande upande, jua linakuta nyuzi zimebadilishana nafasi, na rangi inageuka. Kwenye taa huoni kitu. Mtu amekibandua, akakirudisha kimelala. Mimi nyuma ya kila kipande nachora mshale wa chaki unaotazama juu. Kiangalie."

Nguchiro alikichomoa. Mshale ulitazama dirishani.

Kwenye sponji palichimbwa kishimo. Ndani yake, kinasa sauti saizi ya kifungo cha shati, na betri.

"Kinazimwa kwa rimoti mashine ikipita," Nguchiro alisema. "Na betri hii haimalizi wiki. Kwa hiyo kila wiki mtu anaingia humu peke yake."

Mama hakuwa akitazama betri. Alikuwa akitazama mkono wa Mkaguzi.

"Mafundi wangu huvua saa na pete kabla ya kushika hariri," alisema. "Inanasa."

Kwenye mnyororo wa saa ya Mkaguzi ulining'inia uzi mwekundu, mfupi kama kope.

Mkaguzi aliruka. Mkono mmoja shingoni kwa mama, mwingine na bastola ya Beretta.

"Weka Glock yako chini. Taratibu."

Nguchiro aliiweka.

"Isukume kwa mguu."

Akaisukuma.

Sasa, askari wa ukumbini walichukua mkasi, wakajiona wajanja. Ule mto mdogo wa kuchomekea sindano kwenye kifundo cha mkono wa mama walidhani ni bangili. Fundi hauvui. Anakula nao, anasali nao.

Mama alichomoa humo sindano ndefu, akaizamisha yote kwenye paja la Mkaguzi.

Mkaguzi akapiga yowe. Nguchiro alipita juu ya meza, kiwiko kikatua kwenye kidevu, Beretta ikaruka chini ya viti. Akachomoa kipande cha hariri kwenye mfuko wa kazi wa mama na kuifunga mikono ya mtu huyo mafundo matatu.

"Si hicho," mama alisema. "Hicho cha mito."

Askari wakaingia mbio. Zile pingu walizokuja nazo kwa ajili ya fundi zikamfunga Mkaguzi.

"Basi nirudishieni kitambaa changu."

Zilibaki dakika sita. Mama na mwana walikirudisha kipande cha saba, mshale juu, kama zamani alipomshikisha vitambaa naye akitaka kwenda kucheza. Jua likakipokea. Kuta zote zikawa rangi moja.

Mama alianza kukunja kile kitambaa cha mito. Hakikunjiki. Mara tatu kona zilimponyoka.

"Uliogopa, mama?"

"Tangu asubuhi. Ulitaka niwaonyeshe wale?"

Nguchiro alikichukua kitambaa, akamkunjia, kona kwa kona, jinsi alivyomfundisha. Nyayo za wajumbe zilisikika kwenye ngazi. Simu ikatetema.

"Kitambaa?" Mkuu aliuliza.

"Kimeshonwa."

"Na fundi?"

"Anadai mkasi wake. Mrudishieni kwa mikono miwili."

Akavaa miwani ya jua na kushuka ngazi bila haraka, akipishana na wajumbe waliokuwa wakiulizana kwa nini leo mapazia yako wazi.

"Jumamosi uje," mama alimwita kutoka juu. "Nina mapazia ya kutundika."

Hakugeuka. Aliinua dole gumba na kuendelea kushuka.