Aliyeiba Bomba la Kupindia Gita

Mnisamehe mapema, hii nitaisimulia vibaya. Hadithi ya kutisha inataka mtu mpole wa kunong'ona, na mimi nimezoea kupayuka jukwaani hadi watu wa viti vya nyuma wacheke. Tena bado nina hasira.

Ilikuwa Nunguni, mwaka wa sabini na nane. Nilikuwa fundi wa gita. Nilijitengenezea chombo: bomba la chuma, nene kama mkono wangu, nimelifunga kwa waya juu ya kigogo. Unalijaza makaa ya moto, unalowesha ubao mwembamba wa mukau, unaukandamiza juu yake polepole... nao ubao unalegea, unajipinda kama kiuno. Bila bomba hilo, sina kazi.

Jioni moja, giza likiingia, nilienda kwa jirani kuomba makaa. Kurudi, kigogo kipo. Bomba hakuna.

"Mbuvi!" nikanguruma. Nani mwingine? Gita za fundi mwenzangu huyo zilikuwa na pembe nne kama sanduku la sabuni.

Sikuuliza mtu. Nilienda moja kwa moja kwa Ndeti, mwenye kithitu, kile kitu cha kiapo ambacho ukikiapia, kinatenda. Akanipa kijiti.

"Sema vizuri," akanong'ona. "Hii kitu haijui Mbuvi. Inasikia tu vile umesema."

Nikakipiga kithitu kwa kijiti hicho mara saba. "Aliyeiba bomba hili, mkono wake wa kulia upindwe kama ubao!"

 Nyenje wakanyamaza.

Nyumbani, mke wangu Kalondu alikuwa mlangoni.

"Baba Mutie, unatoka wapi na uso kama huo? Mbuvi alikuja kuazima bomba, nikampa. Ningekuambia, lakini ulipita hapa ukinguruma kama lori."

 Mkono wa Mbuvi! Mtu ana watoto watano!

Nilikimbia hadi kwake. Alikuwa uani, bomba mkononi.

"Ndugu, nilikuwa nakuletea. Mbona unahema hivyo?"

"Nyoosha mkono wa kulia!"

Akaunyoosha. Umenyooka kama rula.

Nikacheka hadi nikashika magoti. Nikalipokea bomba. Lilikuwa baridi, halina hata kaa moja.

Lakini nikasikia harufu...

Mukau uliolowa. Ukipashwa moto.

Ilitoka ndani ya mkono wa kulia wa shati langu.

Krrr...

Kidole changu kimoja kikajipinda. Halafu cha pili. Polepole, kwa ustadi unaoshinda wangu, kana kwamba fundi fulani amesimama nyuma yangu na hana haraka.

Mbuvi akarudi nyuma. "Ndugu..." akanong'ona. "Hilo bomba wewe ulilitoa wapi?"

Vidole havijawahi kunyooka tena. Hadi leo, mtu akiwasha jiko karibu nami, vinajikunja zaidi kidogo.

Nimemlaumu Ndeti. Nimemlaumu Mbuvi, nikamlaumu Kalondu kwa kugawa vitu vya watu. Lakini bomba nililing'oa kwenye tangi la maji la kanisa. Na Jumapili ile baada ya kuling'oa, mzee wa kanisa aliyesimama mbele kumlaani huyo mwizi hadi akina mama wakalia, alikuwa mimi.