Kona ya Mke Mtoro

Kiti cha mwisho kilikuwa kimelowa. Kasuku alikigusa kwa kiganja, akanusa vidole, akatukana kimoyomoyo. Yalikuwa maji yenye harufu ya sabuni ya mche, ile ya kufulia. Jana yake jioni alikuwa ameliosha basi dogo mwenyewe, akalifunga, akalala na ufunguo chini ya mto, na mvua haikunyesha. Alikifuta kiti kwa tambara, akatandika taulo juu yake, kisha akaenda kuwapokea wageni wake kumi na mmoja kwa tabasamu lake la kazini.

Jina la Kasuku walimpa madereva wenzake, maana tangu awashe gari mpaka alizime mdomo wake haukupumzika. Kazi yake ilikuwa kutembeza watu: asubuhi ziwani, mchana milimani, alasiri baharini, na jioni kila mtu kwake. Madereva wa kazi hiyo walikuwa tele, lakini watu walimtaka yeye kwa ajili ya hadithi zake. Kila jiwe la njiani lilikuwa na kisa na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Neno "sijui" hakuwahi kulitia kwenye kipaza sauti. Mgeni akiuliza asilolijua, Kasuku hulitunga papo hapo huku anakata kona.

Hadithi iliyompa umaarufu ilikuwa ya kona iliyo juu ya ziwa, pale barabara inapobanwa na mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Hapo, aliwaambia wageni, alipita mke wa mtu aliyemwacha mumewe na mtoto mchanga akamkimbilia hawara. Alipofika ukingoni akateleza, ziwa likammeza, akageuka jini wa kuwaita waume za watu. Wageni walipiga mayowe ya raha. Hoteli iliyo juu ya mlima ikaona hapo pana biashara, ikasimamisha kibao: KONA YA MKE MTORO. Miaka tisa hadithi ilikuwa ikisimuliwa, na haikumdhuru msimuliaji.

Wiki moja kabla ya kiti kulowa, mama mmoja aliuliza, "Aliitwa nani huyo mtoro?" Ulimi hauna mfupa. Wa Kasuku ukataja jina, tena si la kutunga. Likawa jina la kweli la mwanamke wa kweli, na yeye mwenyewe alishtuka kulisikia likitoka kwenye spika.

Siku hiyo ya kiti kulowa, basi lilikuwa linapanda mlima, na huko nyuma kukawa na mlio. Pa. Kimya kidogo. Pa. Ulikuwa mlio wa nguo mbichi inayopigwa juu ya jiwe. Alidhani turubai la mizigo limefunguka, akasimama, akashuka kukagua. Turubai lilikuwa limekazwa vizuri. Alipokamata usukani, mlio ukaanza tena.

Kwenye kona wageni walishuka na simu zao mkononi. Mwalimu mstaafu mwenye kofia pana, ambaye alikuwa amekuja ziara hiyo kwa mara ya tatu, akamsogelea Kasuku na kumnong'oneza.

"Dereva, yule dada wa kiti cha nyuma ana nini? Nimemwambia ashuke tupige picha, ananitazama tu. Nguo zimemganda mwilini, maskini. Si atapata homa?"

Kasuku alihesabu vichwa pale ukingoni. Kumi na moja. Alirudi mlangoni akachungulia ndani. Kiti cha mwisho kilikuwa kitupu, na lile taulo lilikuwa limekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, kwa mkono wa mtu aliyezoea kufua.

"Hakuna mtu pale, mwalimu."

"Macho yangu yamezeeka, mwanangu, lakini hayajaanza kusema uwongo."

Siku hiyo Kasuku aliikata hadithi katikati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nyumbani, binti yake wa miaka saba ndiye aliyemfungulia mlango, kama kawaida. Kwa kawaida pia humrukia na kumpekua mifuko kutafuta kombe za baharini. Jioni hiyo alibaki kizingitini, mikono nyuma.

"Shikamoo, mjomba."

Mkewe alicheka kutoka jikoni. "Umeona? Unashinda na wageni mpaka mwanao anakupa cheo kingine!"

Kasuku naye alicheka. Jioni ya pili mtoto alimletea maji kwenye sinia, kwa zile bilauri za wageni, akaenda kukaa mbali. Jioni ya nne walikuwa wanakula wote watatu, mtoto akamvuta mama yake kanga na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, baba anarudi lini?"

"Baba si huyu hapa?"

Mtoto alimtazama Kasuku kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomtazama mtu mzima asiyemjua. "Huyu si baba. Huyu ni mgeni wetu."

Kasuku alilirudisha tonge sahanini. Alikuwa anampenda yule mtoto kuliko macho yake, na hilo lazima lisemwe, maana ndipo alipopigwa.

Walipokuwa peke yao chumbani mkewe hakucheka tena. "Hospitali wamempima, hana kitu," alinong'ona. "Anamkumbuka mwalimu wake, anakumbuka mpaka jedwali la saba. Anayesahaulika ni wewe tu. Umefanya nini?"

"Mimi?"

"Namuuliza nani, kabati? Na nguo zako zinanuka sabuni ambayo mimi sijainunua."

Kesho yake akamkokota kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, bibi ambaye watu walimpelekea suruali za kupunguza na majini ya kutoa. Bibi alimwambia mke asubiri nje. Akainusa kola ya Kasuku, akarudi kwenye cherehani yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Sema."

"Niseme nini, bibi?"

"Hilo unalolijua. Nina gauni tatu za kumaliza leo."

Basi akasema, polepole na kwa aibu. Miaka tisa nyuma alikuwa anarudi kutoka milimani peke yake, gari tupu, anajifunza mizaha ya kuwachekesha wageni wa kesho, mkono mmoja usukanini na mwingine ukipiga hewa. Kwenye kona akamgonga mwanamke aliyekuwa anatoka ziwani kufua, beseni la nguo kichwani. Mwanamke akaporomoka korongoni, upande wa ziwa. Beseni likabaki barabarani linazunguka. Kutoka chini ikasikika sauti, "Kaka! Kaka wa gari! Niko hapa!" Kasuku alisimama akasikiliza. Aliiwaza leseni, akaiwaza jela. Kisha akalitupa beseni korongoni, akawasha gari na kuondoka, na sauti ilikuwa bado inaita.

"Na kesho yake?" Bibi aliuliza, kama aliyejua kwamba ipo kesho yake.

Kesho yake mama wa yule mwanamke alisimama kwenye kona, mjukuu wa miaka minne mkononi, anasimamisha kila gari na kutaja jina la binti yake. Kasuku alishusha kioo. Akasema amemwona, ndiyo, anapanda lori na mwanamume, ana begi, anacheka. Watu wakaacha kutafuta. Na kwa sababu alipata wasiwasi kwamba kona ile itazua maswali mengine, akaipa hadithi yake mwenyewe kabla hajatokea wa kuipa hadithi ya kweli.

Bibi alikata uzi kwa meno.

"Jini aliyezaliwa jini mimi namfukuza kabla ya chai," Bibi alisema. "Huyu si jini. Huyu ni binadamu, wewe ndiye uliyemwita jini mbele za watu miaka tisa, na mwisho ukamwita kwa jina lake. Aliyeitwa ameitika."

"Anataka nini?"

"Mtoto wake amekua akiambiwa mama alimkimbia. Sasa wako naye anafundishwa hivyohivyo. Ubaya wenyewe ni mmoja, umebadili nyumba tu. Mama wa huyo marehemu yu hai?"

"Yu hai. Wanakaa chini ya kona, njia ya kushoto."

"Basi unajua pa kwenda. Kesho. Uende na mdomo wako, hiyo spika uiache. Mwambie yule mama na yule mtoto, uso kwa uso. Baada ya hapo polisi ni polisi na jela ni jela, lakini mwanao atakujua hata akikuona nyuma ya nondo."

Kasuku alilia, akamshika Bibi miguu, akaapa. Ila alikuwa amekula mkate wa mdomo wake muda mrefu mno, na njia nzima ya kurudi mdomo ulimnong'oneza. Ukweli ni ukweli popote unaposemwa. Uwongo ulisemwa wapi? Si kwenye kona? Basi ukweli nao usemwe kwenye kona, mwenyewe marehemu ausikie. Kwa nini kumtonesha kidonda bibi kizee wa watu? Hivyo ndivyo mwoga anavyojibembeleza, na hubembelezeka.

Siku ya pili yake alipanda mlima na wageni kumi na mmoja, mwalimu mstaafu akiwa miongoni mwao tena, safari hii na dada yake. Kiti cha mwisho hakukikausha. Ukungu ulikuwa umeshuka, ziwa halikuonekana, na mlio ulianza mapema, pa, pa, pa, mpaka vioo vikatikisika, ingawa wageni waliendelea kutafuna karanga zao. Kwenye kona alizima injini. Akaiwasha spika.

"Leo nitawaambia kisa cha kweli," alisema. "Hapa hapakuwa na mke mtoro. Palikuwa na mama anatoka kufua."

Akasema yote. Alipoanza sauti ilikuwa ndogo, lakini kadiri alivyoendelea mlio wa nyuma ulikuwa ukimkimbiza, na harufu ya sabuni ikajaa ndani pamoja na harufu ya tope la chini kabisa ziwani, na maji yakaanza kutiririka kwenye sakafu katikati ya viti yakamfikia kisigino, naye akawa hawezi kuvuta pumzi mpaka amalize neno na akilimaliza linakuja jingine, beseni, sauti iliyoita kaka, kaka wa gari, bibi kizee na mtoto mkononi, kioo cha gari kinachoshuka, lori ambalo halikuwapo, begi ambalo halikuwapo, kicheko ambacho alikitia yeye mwenyewe kinywani mwa maiti, mpaka akafika kwenye jina, akalitaja, akaongeza, "Ni mimi niliyemuua, na hakumkimbia mtu," akaanguka juu ya usukani analia kwa sauti.

Mlio ulikoma. Maji kisiginoni yakawa hayapo. Kasuku aliinua uso, na moyo wake ulipata tumaini.

Kisha wageni wakapiga makofi.

Walipiga makofi kwa nguvu, wengine wamesimama. Bwana mmoja aliyekuja fungate alikuwa amerekodi yote kwenye simu. "Ile sehemu ya beseni!" alisema kwa furaha. "Kaka, nywele zimenisimama. Umeitunga lini?"

"Sikuitunga. Nimesema kweli."

"Ndiyo, ndiyo, kweli tupu!" Basi zima likacheka.

Mwalimu mstaafu alijifuta machozi kwa pembe ya kofia. "Mara nne nimekuja, mwanangu. Hii ndiyo bora kuliko zote. Usiibadilishe tena."

"Mwalimu, nisikilize. Kuna mtu alikufa hapa."

"Tumesikia, tumesikia. Hata machozi umeyatoa ya kweli. Kipaji hicho."

Makofi yalififia moja moja, isipokuwa ya mtu mmoja. Kutoka kiti cha mwisho yaliendelea, ya taratibu, ya viganja vibichi. Pa. Pa. Pa. Wageni walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za bahari. Ni Kasuku peke yake aliyegeuka, na akaona kwamba anayepiga makofi alikuwa anamtazama, wala hakuwa analia, wala hakuwa anacheka.

Aliwasha gari. Mita mia mbili chini ya kona ilitokea njia ya kushoto, ya udongo, na mwisho wake paa la bati na kamba ya nguo iliyotundikwa mashuka. Bibi kizee alikuwa amesimama uani. Msichana mrefu alikuwa anamsaidia kukamua. Kasuku alikanyaga breki, basi likapunguza mwendo, likawa karibu kusimama. Mkono wake ulishika kitasa cha mlango.

"Dereva," aliuliza yule bwana wa fungate, "tutaiwahi bahari jua likiwa bado lipo?"

Kasuku aliutazama ule ua. Kulikuwa na hatua kama hamsini. Mtu mzima anazimaliza kabla ya kuhesabu.

"Tutaiwahi," alisema, akaachia breki.

Baharini wageni walipiga picha mpaka wakatosheka. Hakusikia mlio wowote, wala hakunusa sabuni, na kiti cha mwisho kilikuwa kikavu kabisa. Alijiambia kwamba yamekwisha. Aliokota kombe tatu ufukweni, nzuri, zisizo na ufa, akazitia mfukoni. Aliwashusha wageni mjini, akaenda nyumbani karibu anakimbia.

Ufunguo haukuingia kwenye kitasa. Akabisha. Binti yake alifungua mlango kiasi cha uso wake tu, akamwangalia juu mpaka chini.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Nifungulie. Ona nimekuletea nini."

Mtoto aliziangalia kombe, lakini hakuzipokea.

"Ni nani?" mkewe aliuliza kutoka ndani, kwa sauti ya mtu ambaye hamngojei mtu.

"Ni mgeni, mama. Anamtaka baba."

"Mwambie baba hayupo."

"Baba hayupo," mtoto alisema. Akataka kufunga mlango, kisha akasita, akatoa uso nje tena na kunong'ona ili mama yake asisikie. "Wanasema alitukimbia. Ukimwona, mwambie arudi tu. Mimi sijamkasirikia."