Fagiaukungu za Mtae

Wahenga walisema milima haikutani. Wahenga hawakumjua Zamzam Hoza. Saa mbili na robo asubuhi, Agosti ya mwaka 2091, mhandisi huyo aligusa kioo kilichofungwa mkononi mwake, na Usambara ikakutana na Kilimanjaro.

Kwenye ukingo wa genge la Mtae zilinyanyuka fagiaukungu arobaini, mashine bapa kama nyungo. Kila moja ilipuliza hewa kavu yenye joto, na vitone vya ukungu vikageuka mvuke usioonekana. Pazia jeupe likapasuka. Kwanza ikatokea nyika ya Mkomazi, kisha milima ya Upare, halafu, mbali kabisa, kichwa cheupe cha Kilimanjaro.

"Yarabi!" mgeni mmoja alipaza sauti. Ndegepicha za watalii zikaruka kwa pamoja, zikigombea pembe nzuri angani.

Zamzam hakuutazama mlima. Alitembea huku na huko kwenye roshani ya hoteli, akazihesabu mashine, akazihesabu tena. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio. Jioni meneja wa hoteli, Bwana Lukindo, angetia saini mkataba, na fagiaukungu zingefanya kazi kila siku juu ya msitu mzima wa Shagayu. Hadi hapo, zilimtii Zamzam peke yake.

"Tulia, dada," Lukindo alicheka. "Utaitoboa sakafu."

Wanawake watatu wakaibuka kwenye njia ya msituni, ndoo kichwani. Aliyetangulia alikuwa Shangazi Mwantumu, aliyemlea Zamzam tangu utotoni. Watalii wakamkimbilia.

"Mama, simama hapo, mlima uwe nyuma yako!"

"Na ndoo tupu? Mnataka kunitangaza mvivu dunia nzima?"

Zamzam akasogea. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeunyoa mlima kipara. Wiki ya pili sasa, mitaro yetu haina kitu."

Kila kiangazi watu wa huko walipanga mitaro ya magome ya migomba chini ya miti ya mikulo. Majani yaliunasa ukungu, ukungu ukadondoka, matone yakatiririka hadi ndooni.

"Si mashine zangu, shangazi. Kipimamvua kipo uwanjani tangu Juni. Hakijaonyesha kupungua hata tone."

"Hicho kipima chako kina majani?"

Zamzam aligeuka kukitazama. Kipimamvua kilikuwa bomba la chuma katikati ya uwanja mtupu. Kilipokea kinachoanguka, na ukungu hauanguki, hunaswa. Akili unde ya mashine zake ilimwuliza kabla ya majaribio: *Wenyeji wana chanzo kingine cha maji?* Naye, aliyewahi kuibeba mitaro ile kwa mikono yake, akajibu *hapana*. Shuleni hakuna aliyeiita chanzo cha maji.

"Mnachota wapi sasa?" aliuliza.

"Bondeni. Saa tatu kwenda na kurudi. Mtazame Hadija."

Hadija, mmoja wa wale wanawake watatu, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa ameketi chini, amejishika kiuno. Ndegepicha moja ilikuwa ikimzunguka, ikipima mwanga usoni pake.

Zamzam akagusa kioo.

Fagiaukungu zikatua moja baada ya nyingine. Ukungu ukapanda genge taratibu. Ukaimeza Kilimanjaro, ukaimeza Upare, ukawafunika watalii hadi mabegani. Zogo likazuka.

"Bado sijapiga hata moja!"

"Sisi tumevuka bahari!"

Lukindo alimfikia akihema. "Umerukwa na akili? Ziwashe!"

"Haziwaki tena. Leo wala kesho."

"Miaka sita ya kazi yako, Zamzam! Unaitupa kwa ndoo tatu?"

"Ndiyo."

Lukindo alimsukumia kipaza sauti kifuani. "Basi angalau waombe radhi wageni."

Zamzam alikipokea. Shangazi Mwantumu alikuwa tayari amemwinua Hadija, wanaelekea kwenye mikulo.

"Wageni wetu," Zamzam alisema, "mimi ndiye niliyewafungulia mlima, na mimi ndiye niliyeufunga. Ukungu huu ni maji ya watu."

"Radhi, Zamzam," Lukindo alinong'ona kwa ukali. "Neno moja tu!"

"Siombi," alisema, na kipaza sauti kikalifikisha neno hilo kwa kila mtu.