Bajaji Iliyoachwa Langoni

Mtaani kwetu Kismayu, asubuhi huanza kwa makelele. Mara muuza samaki, mara watoto wa madrasa, mara bajaji zinazokimbilia bandarini. Bajaji moja tu ilikuwa kimya. Ilikuwa ya jirani yetu Fumo. Ilisimama kando ya ukuta wetu, imefunikwa turubai, na kuku walilala juu yake.

Leseni ya Fumo ilikuwa imesimamishwa kwa miezi sita. Wala hakusingiziwa. Siku moja alipakia watu kupita kiasi, akakata kona, abiria mmoja akaanguka na kuvunjika mkono. Akaambiwa asiendeshe mpaka muda uishe. Fumo akakubali kosa lake. Kila siku alikwenda pwani kupakua samaki, akarudi amechoka, ananuka vumba. Mkewe, Tasnim, hakuacha kumtania.

"Mume wangu siku hizi ni dereva wa kuku," alisema. "Abiria wake wanataga tu, hawashuki."

Mimi ninaitwa Samiha. Mume wangu Adnani ni fundi wa mashua, na wakati huo alikuwa kisiwani Darakasi akimalizia kazi. Nyumbani nilikuwa na mama mkwe wangu, Bi Mwanamwema, na tumbo langu kubwa. Siku za kujifungua zilikuwa bado. Nilijidanganya kwamba nina nafasi ya kutosha.

Basi Ijumaa moja, adhuhuri, nikashikwa na uchungu. Kisha nikaona damu, tena nyingi. Bi Mwanamwema akapiga simu hospitali. Akaambiwa gari la wagonjwa limetoka, limekwenda mbali kumchukua mgonjwa mwingine. Akatoka mbio barabarani. Hakukuwa na bajaji, hakukuwa na gari. Khutba ilikuwa imeanza, na madereva wote walikuwa msikitini.

Fumo alikuwa amechelewa. Alitoka kwake na kanzu nyeupe, anakimbilia msikitini. Bi Mwanamwema akamkamata mkono wa kanzu.

"Fumo mwanangu! Samiha anatutoka!"

"Mama, leseni yangu—"

"Najua! Lakini nani mwingine yuko?"

Fumo akatazama barabara huku na huku. Akampigia simu dereva mwenzake. Simu ililia, haikupokewa. Basi akawafukuza kuku, akavuta turubai, akatupandisha mimi na Bi Mwanamwema, akashusha turubai ya pembeni ili watu wa njiani wasinione.

Njiani kuna kizuizi cha polisi. Nilisikia bajaji ikisimama. Nilikuwa nimeuma leso yangu kwa meno, nisipige kelele mbele za wanaume.

"Wewe si Fumo?" sauti ya askari iliuliza. "Leseni yako si imesimamishwa?"

"Ndiyo, afande. Nina dharura. Nipishe, kesho nitakuja mwenyewe kituoni."

Askari alisita. Kisha nikasikia kizuizi kikiinuliwa. Mungu amlipe kheri yule askari. Daktari alisema tungekawia kidogo zaidi, mimi na mtoto tungekuwa tunaombewa dua. Jioni ile nilimzaa Fathiya, mzima, analia kama anadai haki yake. Alhamdulillahi. Nilitaka kumshukuru Fumo, lakini alikuwa ameshaondoka.

Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hatoki, na wanaume wasio wa nyumbani hawamwoni. Tasnim alikuwa akiniletea uji kila asubuhi. Siku moja aliuweka chini, akageuza uso.

"Tasnim, una nini?"

"Sina kitu."

"Huna kitu, na macho mekundu hivyo? Umekatia vitunguu harusi nzima?"

Akalia. Ndipo akanieleza yote. Fumo alitimiza ahadi, akaenda kituoni kesho yake. Wakamwuliza, "Dharura gani?" Akanyamaza. "Ulibeba nani?" Akajibu, "Wanawake wawili. Siwezi kuwataja." Basi wakaandika kwamba alikuwa kazini, anabeba abiria wa kulipa, na leseni yake imesimamishwa. Bajaji ikachukuliwa. Wiki ijayo kesi ingesikilizwa. Akitiwa hatiani, angeweza kufungwa, au leseni ifutwe kabisa.

"Kwa nini hakusema?" nikapiga kelele mpaka Fathiya akaamka.

"Anasema uzazi wa mke wa mchu, mke wa mtu mwingine, si wa kutangazwa kituoni. Anasema Adnani atamwonaje?"

Nilikasirika na kushukuru kwa pamoja, hata maziwa yakanimwagika. Mtu ameokoa roho yangu, sasa anataka kuingia jela ili kuilinda heshima yangu! Tena washauri walikuwa wengi. Mmoja alimwambia avuke mpaka wa nchi kupitia Ras Kamboni, akae Kiunga mpaka watu wasahau. Mwingine alimwambia aseme ndugu yake ndiye aliyeendesha.

"Mwite Safiyya," nikasema. "Leo hii."

Safiyya ni msaidizi wa sheria. Ofisi yao huwasaidia watu bila malipo. Alikuja alasiri, akaketi kitandani kwangu, akampakata Fathiya. Fumo na Tasnim walikaa barazani, nyuma ya pazia la mlango. Hivyo ndivyo tulivyozungumza, sisi ndani, wao nje.

"Kaka Fumo," Safiyya akaita. "Nasikia unahamia Kiunga?"

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima unajua! Sikiliza. Ukikimbia, kesi haifi. Polisi wataanza kukutafuta, na hakimu atadhani umekimbia kwa sababu una hatia. Siku ya kesi, fika. Fika mapema."

"Basi nitakiri tu, yaishe."

"Utakiri nini? Uliendesha bajaji?"

"Niliendesha."

"Hilo ni kweli, liseme. Usimtwishe ndugu yako. Kudanganya mahakama ni kosa jingine, tena kubwa. Lakini kusema uliendesha si sawa na kusema una hatia. Mahakama itataka kujua pia kwa nini uliendesha. Kuna utetezi wa dharura, lakini una masharti yake. Nijibu. Roho ya mtu ilikuwa hatarini?"

"Roho mbili!" Bi Mwanamwema akadakia.

"Na hapakuwa na njia nyingine?"

"Ijumaa, saa ya khutba?" Tasnim akasema. "Hata paka huwaoni barabarani."

"Na gari la hospitali lilikuwa limetoka," nikaongeza. "Mama alipiga simu."

"Vizuri. Simu hiyo tutaisema. Sasa, kaka Fumo, mgonjwa alipofika, ulifanya nini? Uliirudisha bajaji nyumbani?"

"La. Niliiacha pale pale langoni, nikarudi kwa miguu."

"Kwa miguu? Mbali kote huko, kwenye jua lile?"

"Dada, mgonjwa ameshafika. Leseni sina. Ningeendesha kwa sababu gani?"

Safiyya akacheka kwa furaha, akambusu Fathiya kichwani.

"Hapo umejitetea vizuri kuliko wakili! Ruhusa ya dharura inaishia mlangoni pa hospitali. Ungeirudisha, hata polepole, lingekuwa kosa la pili, wala nisingekuwa na la kukusaidia. Nani alikuona ukiiacha?"

"Sijui. Langoni palikuwa na mtu mmoja tu, naye alinigombeza."

"Si ndiye huyo!" Bi Mwanamwema akasema. "Bawabu! Nilipotoka alinigombeza mimi! Eti mchu gani huyu, anaziba lango kwa bajaji halafu anakwenda zake kwa miguu!"

Sote tulicheka, ndani na nje. Kisha Safiyya akanigeukia. Sauti yake ikawa ya upole.

"Sasa wewe, Samiha. Ushahidi mkubwa ni wako. Unaweza kusema?"

"Asiseme!" Fumo akaita kutoka nje. "Dada Samiha, niache. Nitavumilia."

Hata Bi Mwanamwema alitikisa kichwa. "Mambo ya uzazi hayasemwi mbele za wanaume, mwanangu."

"Bi, hakuna atakayemwuliza habari za mwili wake," Safiyya akasema. "Atasema damu ilikuwa ikimtoka, na maisha yake yalikuwa hatarini. Basi. Tena tunaweza kumwomba hakimu watu wasiohusika watoke nje. Kuomba si aibu. Tutaomba pia kesi isogezwe mpaka arobaini iishe. Wengi wanaumia kwa kutojua kwamba wanaweza kuomba."

Nikampigia simu Adnani. Mawimbi ya simu Darakasi ni ya kubahatisha, nikalazimika kusema mara tatu. Nikaogopa jibu lake.

"Samiha," akasema mwisho, "ninyi wawili mko hai kwa sababu ya mchu huyu. Nitamwonea haya gani? Nenda ukaseme. Na mwambie ana ndugu Darakasi."

Nikanyanyua simu karibu na pazia ili Fumo amsikie. Nilimsikia akipenga kamasi. Tasnim baadaye alisema alikuwa akilia, yeye akasema ni vumbi.

Wiki ile Safiyya alimpeleka Fumo mahakamani mapema, pamoja na wakili wa ofisi yao, Abdulqadir. Wakili alieleza hali yangu kwa maneno machache, akaomba siku nyingine. Hakimu akakubali. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo!

Wenzangu wakitoka arobaini huenda kwa mama zao, wamejipaka hina, wanapokewa kwa vigelegele. Mimi nilikwenda mahakamani. Hina nilijipaka vile vile.

Hakimu aliwaomba watu wasiohusika watoke; Tasnim aliruhusiwa kubaki. Nikamtazama Fumo amesimama peke yake, ameinamisha kichwa, na ulimi wangu ukafunguka. Nikaeleza uchungu, damu, simu ya hospitali na barabara tupu.

"Mlimlipa nauli?" mwendesha mashtaka akaniuliza.

"Nauli? Hakungoja hata kushukuriwa! Leo ndiyo mara ya kwanza ninaiona sura yake tangu siku ile. Fumo, ahsante. Mungu akupe maisha marefu."

"Mama, zungumza na mahakama," hakimu akasema, lakini niliona anatabasamu.

Yule askari wa kizuizini naye alisema kweli tupu. Fumo alisimama alipoambiwa, na kesho yake alikwenda kituoni mwenyewe. Kisha akaitwa bawabu wa hospitali, Hamidi. Huyo hakuja kumtetea mtu. Alikuja kushtaki.

"Mheshimiwa, aliziba lango langu! Nikamwita, wewe, njoo utoe bajaji yako! Akaniambia leseni hana, hawezi. Akaweka ufunguo mezani kwangu, akashika njia kwa miguu. Mimi na mpishi tukaisukuma kando. Mgongo unaniuma mpaka leo!"

"Kwa hiyo una hakika hakuondoka nayo?" wakili Abdulqadir akauliza.

"Angeondoka nayo, mgongo huu ungeuma kwa nini?"

Mpaka mwendesha mashtaka alicheka. Hakimu aliandika, kisha akainua uso.

"Fumo, uliendesha huku leseni yako imesimamishwa. Hilo hukulikana. Lakini roho zilikuwa hatarini, hukuwa na njia nyingine, na uliacha mara tu haja ilipokwisha. Mahakama haikutii hatiani. Chukua bajaji yako."

Tasnim akapiga kigelegele. Hakimu akanyanyua kidole.

"Subiri, mama. Fumo, nisikie vizuri. Kuachiwa leo si kurudishiwa leseni. Muda wako haujaisha. Ukiendesha kesho, tutaonana hapa tena, na hutakuwa na la kusema."

Basi tukatoka nje, bajaji ni yetu na dereva hatuna. Fumo akasema tutafute mwenye leseni. Lakini majirani waliofuatana nasi hawakutaka kungoja. Wakanipandisha mimi na Fathiya, wakaanza kusukuma. Bi Mwanamwema alitembea mbele kama anaongoza harusi. Na nani alikuwa nyuma anasukuma? Hamidi bawabu!

"Mara ya pili hii!" alikuwa akilalamika. "Mara ya pili naisukuma bajaji ya mchu huyu!"

Lakini hakuiacha.

Tulipofika kizuizini, yule askari alikuwa amerudi kazini. Akasimama katikati ya njia, amekunja uso.

"Leseni!"

"Siendeshi, afande," Fumo akasema huku jasho likimtiririka. "Ninasukuma."

Askari akacheka, akainua kizuizi, akasukuma nasi hatua chache.

Miezi ilipokwisha, Fumo hakuikimbilia bajaji. Safiyya alikuwa amemwonya kwamba wengi hukosea hapo. Wanahesabu siku vidoleni, wanashika usukani, kumbe leseni haijarudishwa. Alikwenda ofisini kwanza, akaichukua, akatuonyesha wote. Ndipo akaondoa turubai. Kuku walihuzunika.

Safari yake ya kwanza ilikuwa ya kumpeleka Fathiya chanjo. Nikapanda mimi na mtoto, akapanda Bi Mwanamwema, akapanda Tasnim. Adnani alikuwa amerudi kutoka Darakasi, akaweka mguu mmoja ndani ajibane pembeni.

"Kaka, watatu wametimia," Fumo akamwambia. "Wa nne sipakii tena maishani. Wewe njoo kwa miguu. Njia ya hospitali mimi nimeitembea, si mbaya."

Adnani akacheka, akarudisha mguu chini, akatufuata kwa miguu mpaka langoni.