Mke wa Futi Saba

"Jina la mumeo?"

"Futi Saba."

Foleni nzima ya wake waliokuja kudai posho za waume zao ikaangua kicheko. Karani akatua kalamu.

"Mama, hapa tunaandika watu, si mbao. Jina lake la ubatizo?"

Keturah akashika tumbo lake la miezi minane. Miaka minne amelala na mwanaume huyu, na hilo jina halijui. Msimcheke. Kwenye kambi zetu za wachimba reli kila mtu aliitwa jina alilopewa na wenzake, na kumchimba mtu jina la kwao ilikuwa utovu wa adabu.

"Aliondoka Januari na wale mliowapeleka vitani Krimea," akasema. "Kulijengea jeshi reli."

"Waliondoka mamia. Mlifunga ndoa kanisa gani?"

"Tuliruka ufagio kambini, ndiyo ndoa ya wachimba reli. Mashahidi wapo."

"Ufagio! Haya, anayefuata!"

Mlangoni akadakwa mkono na Obadia Crake, nyapara wao wa zamani. Siku hizi kazi ya Crake ilikuwa kuzunguka kambi zote akikusanya vibarua wa kupelekwa vitani. Ndiye aliyemwandikisha Futi Saba kwa mkono wake mwenyewe.

"Shemeji, njoo pembeni. Sikutaka uambiwe mbele za watu."

"Kuna nini?"

"Kipindupindu. Wamemzika hukohuko, tangu Machi."

"Muongo!"

"Nimeona jina lake kwenye orodha."

"Jina gani? Nitajie!"

"Kama yeye mwenyewe hakukwambia, mimi nani? Muache apumzike. Jikaze, shemeji."

Keturah akakaa palepale kwenye ngazi, akalia mpaka sauti ikakauka.

Juni akajifungua mtoto wa kiume. Wiki mbili baadaye Crake akaja na mkate na kipande cha nyama.

"Nataka kukuoa. Kanisani, si kwa ufagio."

"Nyapara, moyo wangu umezikwa Krimea."

"Moyo kaa nao. Ila ukiishiwa ukaingia nyumba ya serikali ya kutunzia maskini, huyo mtoto wanamtoa mikononi mwako. Unalijua hilo."

Alilijua. Julai akaolewa, na hata kasisi alidhani machozi yale ni ya furaha.

Agosti, Jumapili mchana, Keturah anamenya viazi, mlango ukasukumwa. Mtu akainama sana ili aingie. Jua lilikuwa limembabua pua.

"Ketty."

Kisu kikamponyoka.

"Wewe... wewe umekufa!"

"Nani kasema? Mkataba wa miezi sita umekwisha, nimerudi. Kambini wananiambia umeolewa. Na nani?"

Crake akatoka chumbani akifunga vifungo vya shati. Alipomwona mgeni, rangi ikamtoka.

"Nyapara?" Futi Saba akasema. "Si wewe uliyeniandika kitabuni?"

Keturah akamgeukia Crake.

"Ulinambia umeliona jina lake kwa wafu."

"Nilikutaka," Crake akasema, bila hata aibu. "Tangu kambini nilikutaka. Ndiyo maana nikampeleka. Ungenikubali yuko hai?"

Futi Saba akamkaba koo. Keturah akapiga kelele, maana mtoto alikuwa amelazwa sakafuni.

"Mwache! Mwache, mtoto atakanyagwa!"

Akamwachia. Crake akakohoa, kisha akacheka kicheko kibaya.

"Haya, Keturah, muulize basi anaitwa nani. Muulize kitabuni alimtaja nani aandikiwe barua akifa."

"Nyamaza, Crake," Futi Saba akasema.

"Sema mwenyewe basi!"

Futi Saba akatazama sakafu.

"Amosi Thorley," akasema taratibu.

"Na wa kuandikiwa barua?" Keturah akauliza.

Amosi akainama, akaokota kile kisu, akakiweka kando ya viazi.

"Nimekuuliza, Amosi."

"Ruthi. Yuko mjini Lincoln. Tulioana kanisani kabla sijakujua. Lakini wewe ndiye ninayekupenda, Ketty, naapa."

Crake alimdanganya Keturah kwamba Amosi amekufa, Amosi naye alimficha kwamba ana mke. Kumbe miezi yote ile alikuwa analilia mume wa mtu.

Akamfunga mtoto kwenye shali, akavaa viatu.

"Wewe ni mke wangu kisheria," Crake akafoka. "Unakwenda wapi?"

"Ketty, twende wote," Amosi akasihi.

Keturah alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nakwenda Lincoln," akasema. "Kuna mwanamke huko anakesha akingoja barua. Nakwenda kumwambia mumewe amerudi salama."