Kobe Apata Pumzi

Kila asubuhi, kabla ya chai, familia ya seremala ilisukuma gari.

Seremala mwenyewe alikaa kwenye usukani. Alisema gari lile lina siri zake, na ni yeye peke yake anayezijua. Mkewe alisukuma upande wa kulia. Pacha wao walisukuma nyuma, sare za shule mwilini, wakicheka njia nzima. Seremala aliikanyaga pedali ya mafuta, pu, pu, pu, kisha akaachia klachi. Gari lilikohoa. Lilitikisika. Mwishowe liliwaka na kutoa moshi mweusi. Majirani wakafunga madirisha.

Gari hilo waliliita Kobe. Lilikuwa dogo na la zamani. Juu yake seremala alikuwa amefunga chaga ya mbao ya kubebea samani. Makochi yakipangwa juu ya chaga, ukitazama kwa mbali uliona kobe na gamba lake. Zamani jina hilo lilikuwa utani tu. Siku hizi hata watu wa baiskeli walimpita Kobe wakipiga kengele.

Karakana yao ilikuwa uani. Seremala alipasua mbao na kuunda makochi na mabenchi. Mkewe alikata sponji na kushona vitambaa. Kazi ya kupeleka mizigo kwa wateja ilikuwa ya mke pia, na aliipenda. Kobe ndiye aliyewaleta pacha nyumbani kutoka hospitali walipozaliwa.

Alhamisi mke huyo, mama pacha kama wote walivyomwita, alikuwa akipeleka mabenchi kwenye zahanati mpya. Zahanati iko juu ya mlima wenye tangi la maji. Katikati ya mlima Kobe alianza kurukaruka. Mama pacha akakanyaga mafuta. Kobe akazidi kupoteza nguvu, akazima. Magari ya nyuma yalipiga honi. Wanaume waliokuwa kwenye kibanda cha soda walisimama kutazama.

“Mama, mvue gamba kwanza!” mmoja alipiga kelele. Wenzake wakacheka.

Mama pacha alishika breki, akarudi nyuma polepole mpaka chini. Huko wapita njia walimsukuma Kobe mpaka akawaka, naye akafika nyumbani na mabenchi yote, macho mekundu.

Jioni simu ililia. Alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati.

“Jumamosi tunafungua milango,” alisema. “Kuna wajawazito, kuna wazee. Wakae chini sakafuni? Mkishindwa, nitatafuta seremala mwingine.”

Mdogo wake seremala alikuwepo, ameegemea mlango. Huyu alikuwa dalali. Alivaa shati jeupe kila siku, na hakuna kitu ambacho hakuwahi kukitafutia mnunuzi.

“Kaka, hili gari limekufa. Mnasukuma maiti kila asubuhi,” alisema. “Nimeshazungumza na mtu wa vyuma chakavu. Jumamosi jioni anakuja kulichukua.”

“Shemeji, maiti haipigi chafya,” alijibu mama pacha. “Hili bado linapiga.”

Seremala alikung'uta vumbi la mbao mikononi. Kisha akasema, “Nimechoka, mke wangu. Jumamosi asubuhi jaribu mara ya mwisho. Akipanda mlima, anabaki. Asipopanda, jioni aende.”

Mama pacha alitoka nje asije akalia mbele ya shemeji yake. Upande wa pili wa ua, jirani yake alikuwa akimwagilia mchicha. Jirani huyu aliendesha gari la wagonjwa mpaka alipostaafu. Mtaa mzima ulimwita Shangazi King'ora. Sauti yake nayo haikuhitaji kipaza sauti.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia yote. Na nyie mnaongea, eti ukuta hauna masikio! Gari lako linatoa moshi mweusi?”

“Ndiyo.”

“Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka?”

“Hapana.”

“Ingewaka, ningekuambia ukapimiwe kwanza kwa mashine, tusikisie. Lini mara ya mwisho mlibadilisha plagi, zile za kutoa cheche za kuwasha mafuta?”

Mama pacha alifikiri. “Plagi zinabadilishwa?”

Shangazi King'ora aliweka ndoo chini. “Kesho asubuhi nakuja. Nunua plagi mpya, namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na chujio jipya la hewa. Nunua pia dawa mbili za kupuliza: moja ya kusafishia njia ya hewa ya injini, nyingine ya kihisi hewa. Mwambie muuza spea hivyohivyo. Asikupe moja akasema zinafanana.”

Ijumaa, pacha walipokwenda shule, Shangazi King'ora alifika na mfuko wa spana. Alivaa ovaroli lenye kiraka gotini.

“Injini imepoa?”

“Imepoa. Haijawashwa tangu jana.”

“Vizuri. Plagi hazifunguliwi injini ikiwa moto. Utaungua, na nyuzi za tundu zitaharibika. Sasa fungua waya wa betri, ule wenye alama ya kutoa.”

Seremala alikuwa kwenye benchi lake, anapiga msasa mguu wa meza. Mguu ule ulikuwa laini tangu jana.

“Shangazi, hilo ni gari la injekta,” alisema. “Lina kompyuta. Halichezewi.”

“Kweli, lina kompyuta. Kompyuta ndiyo inayopima mafuta ya kunyunyiza, na hiyo hatuigusi. Lakini haiwezi kutoka ndani ya boksi lake ije ikang'oe plagi iliyochakaa. Hiyo kazi imetuachia sisi. Na wewe, ile ngoma unayopiga kwenye pedali kila asubuhi ni ya nini?”

“Ya kupandisha mafuta.”

“Hiyo ni ya magari ya zamani, ya kabureta. Hili likiwashwa linajipimia lenyewe. Washa tu, mguu ukae mbali.”

Seremala akarudi kwenye msasa.

Mama pacha alifungua vibanio vya sanduku la chujio la hewa. Akainua mfuniko. Kisha akabaki ameushika hewani.

Chujio halikuonekana. Lilikuwa limefungwa kwa sponji nene ya kochi. Juu ya sponji kulikuwa na kifuko cha kitambaa cha maua, kimepindwa vizuri pembeni.

“Hiki kitambaa nakijua,” alisema polepole. “Kilibaki kwenye kochi la msusi. Na huu mshono ni wangu!” Akageuka. “Baba pacha! Si uliniambia nikushonee kifuko cha misumari?”

Sauti ya msasa ilikoma.

“Vumbi la mbao lilikuwa linaingia,” seremala alisema, macho yakiwa kwenye msumeno. “Gari linalala hapa karibu na msumeno kila siku. Nililionea huruma.”

“Ukaona ulizibe pua!”

Shangazi King'ora alicheka mpaka akakaa kwenye bampa. “Nimeendesha magari maisha yangu yote,” alisema akifuta machozi. “Leo ndiyo nimeona injini iliyotengenezewa kochi!”

Hata seremala alishindwa kujizuia, akacheka. Akaja karibu kutazama.

“Sikilizeni,” Shangazi alisema. “Injini inachoma petroli na hewa pamoja. Sponji imezuia hewa. Tena tazameni hapa kwenye bomba, hiki kijiwaya chembamba. Hiki ni kihisi. Kazi yake ni kuiambia kompyuta hewa ni kiasi gani. Chembe za sponji zimekinatia. Kinatoa habari za uongo, na kompyuta inamwaga mafuta ovyo. Ndio huo moshi.”

Mama pacha alinyoosha kidole na kitambaa.

“Wee! Usikiguse! Si kwa kidole, si kwa kitambaa. Kitakatika. Kipulizie dawa yake tu, ukiache kikauke.”

Mama pacha akapuliza kwa uangalifu. Walipokuwa wakingoja kikauke, wakaenda kwenye plagi.

“Moja moja,” alisema Shangazi. “Toa waya mmoja, badilisha plagi yake, rudisha waya wake. Ukizing'oa zote kwa pamoja utasahau upi ni wa wapi. Na usivute waya wenyewe, shika kofia yake. Kwanza futa uchafu kuzunguka tundu, usije ukadondokea ndani.”

Plagi ya kwanza ilitoka nyeusi kama mkaa. Ncha yake ilikuwa imeliwa.

“Plagi nzima ina rangi ya biskuti,” alisema Shangazi. “Hii imetumika mpaka ikaomba msamaha. Sasa tia mpya. Anza kwa vidole, si kwa spana. Ikigoma, itoe uanze upya.”

“Kama kuweka bobini kwenye cherehani,” alisema mama pacha. “Ukilazimisha, umeharibu.”

“Hapo hapo! Ikishafika mwisho kwa vidole, ndipo spana ikaze kidogo. Kidogo, nimesema. Hatufungi lango la gereza.”

Plagi ya mwisho mama pacha aliiweka peke yake, bila kuambiwa neno.

Kisha wakasafisha mlango wa hewa, kibati cha mviringo kinachofunguka dereva akikanyaga mafuta. Ulikuwa umejaa masizi. Mama pacha alipulizia dawa kwenye kitambaa, akafuta taratibu bila kukisukuma kibati kwa nguvu. Walikuwa nje, penye hewa, na Shangazi alihakikisha hakuna moto karibu.

“Na lile chujio la petroli?” seremala aliuliza. Sasa alikuwa ameshika tochi.

“Hilo atabadilisha fundi wa gereji wiki ijayo. Mpira wa petroli unabaki na presha hata injini ikiwa imezimwa. Ukiufungua ovyo, petroli inakurukia. Kujua kazi ni pamoja na kujua pa kuachia.”

Waliweka chujio jipya, bila sponji. Wakarudisha waya wa betri. Mama pacha akaingia kwenye gari, akaweka mguu mbali na pedali, akazungusha ufunguo.

Kobe aliwaka! Hakuna aliyesukuma. Lakini mngurumo haukutulia. Ulipanda, ukashuka, vuu, vuu, kisha injini ikazima.

Wakati huohuo dalali aliingia langoni, shati jeupe linang'aa.

“Eh, shemeji! Mnaliaga?”

“Si nilisema...” seremala alianza.

“Likipanda mlima kesho,” dalali alisema, “nitaingiza mabenchi yote ndani ya zahanati peke yangu. Na shati langu hili hili!”

Mama pacha aliwasha tena. Akashuka, akasimama kando ya injini.

“Nyamazeni wote,” alisema. Hakuwahi kuwaamrisha watu hivyo. Wakanyamaza, hata Shangazi King'ora.

Ndani ya mngurumo kulikuwa na sauti nyembamba. Sss. Sss. Aliijua. Ni kama pampu ya baiskeli yenye mpira uliotoboka. Injini ikazima tena. Shangazi alimwashia tochi, naye akapitisha vidole kwenye mipira midogo ya kupitishia hewa, mmoja baada ya mwingine. Mmoja ulikuwa umepasuka mwishoni.

“Huu hapa! Hewa inaingia kwa mlango wa nyuma!”

“Mwanangu,” alisema Shangazi, “mimi mwenyewe sikuusikia.”

Seremala aliuchomoa mpira ule, akaenda mwenyewe mpaka duka la spea. Alirudi na mpya wa upana uleule. Akaupima kando ya ule wa zamani kama anavyopima mbao, akaukata kwa kisu chake kikali, mkato mmoja ulionyooka. Kisha akampa mkewe auvishe.

“Washa wewe,” alisema. “Siri zake sasa unazijua.”

Mama pacha akazungusha ufunguo. Mwanzoni injini ilinguruma kwa nguvu kidogo. Shangazi akasema waiache, kompyuta inajizoesha. Baada ya muda mfupi ikatulia. Moshi mweusi haukutoka. Sauti yake ilikuwa laini, kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Jumamosi asubuhi walipanga mabenchi juu ya chaga mpaka chaga ikalia. Dalali alikaa kiti cha mbele. Alisema anataka kuwa shahidi.

Mlima ulianza. Mama pacha alishusha gia. Kobe akavuta. Mbele yao lori la mchanga lilikuwa likijikokota. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna gari lililokuja. Mama pacha akawasha taa ya kulia, akakanyaga mafuta, akalipita. Dalali alishika mlango kwa mikono miwili.

Wakafika kwenye kibanda cha soda. Wanaume walewale walisimama. Mmoja alikuwa ameshafungua kinywa aseme neno. Kobe akapita. Kinywa kikabaki wazi. Mama pacha akapiga honi mara moja tu, kwa adabu.

Juu ya mlima, watu walikuwa wamepanga foleni ukutani. Muuguzi mkuu alitoka mbio, akapiga makofi. Mama pacha alizima gari, akamgeukia dalali.

“Karibu kazini, shemeji.”

Dalali aliyabeba yote. Jua lilipokuwa kali, shati lake lilikuwa na rangi ya vanishi. Bibi mmoja mwenye fimbo alikuwa wa kwanza kukaa.

“Mwanangu,” alimwambia dalali, “unafanya kazi nzuri. Hujafikiria kuajiriwa?”

Jioni mtu wa vyuma chakavu alifika na mkokoteni. Seremala alimkaribisha, akampa maji ya kunywa. Kisha akamwekea mkononi plagi kuukuu.

“Chuma chakavu ndicho hiki,” alisema. “Kingine chote bado kinapanda milima.”

Siku hizi Kobe analala upande wa lango, mbali na msumeno. Kila mwisho wa mwezi mama pacha hufungua sanduku la chujio na kutazama vumbi. Likichafuka, anaweka jipya. Tayari majirani wawili wamemwomba awaangalizie plagi zao. Kifuko cha maua kinaning'inia ukutani mwa karakana, na safari hii kweli kina misumari.

Jumatatu ile ya kwanza, pacha walitoka na sare zao, wakasimama nyuma ya gari, mikono tayari. Mama yao akazungusha ufunguo. Kobe akawaka, akaondoka taratibu, akawaacha wamenyoosha mikono hewani.

“Mama!” walilia kwa pamoja. “Sasa sisi tutasukuma nini?”